Polisi watuambie mapema: tatuu ipi, chale zipi, ndevu kiasi gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni kinyozi wa Ng'ambo, Tabora mjini. Nilianza kazi hii kwa mkasi na wembe chini ya mwembe, enzi ambazo mteja alikalia kreti la soda na kioo akakishika mwenyewe. Leo nina kiti cha kuzunguka, mashine za umeme na kijana wa kunisaidia, lakini kazi ni ileile. Watu wananiachia kichwa, shingo na kidevu, na wakishafunikwa lile shuka wanasema mambo wasiyoyasema nyumbani. Wanaokuja kwangu ni pamoja na askari polisi, askari magereza, mgambo, walinzi wa maduka, na vijana wanaonyolewa kipara kabla ya kuripoti JKT Msange. Ndiyo maana najiona nina la kusema kuhusu masharti ya mwonekano wa askari wetu, hasa haya ya tatuu na ndevu. Ngozi zao nazijua kuliko wakubwa wao wanavyozijua.

Tangazo la ajira za polisi likitoka, hapa kibandani hapakaliki. Mmoja anasoma kwenye simu kwa sauti, wengine wanasikiliza: umri, urefu, vyeti, kitambulisho cha NIDA, awe hajaoa wala hana mtoto. Hapo vijana wanacheka, kuna anayesukumwa bega. Kisha linakuja sharti la kutokuwa na alama ya kuchorwa mwilini, na kicheko kinapungua. Utamwona mmoja anashusha mkono wa shati polepole kama aliyepigwa na baridi, na Tabora mwezi wa tisa baridi inatoka wapi?

Huyo wa shati utamwona tena baada ya siku chache, peke yake, saa ya adhuhuri wakati kibanda ni kitupu. "Shikamoo mzee. Hivi hii inatoka?"

Namwambia haitoki, mwanangu. Wino wa tatuu haukai juu. Sindano imeupitisha kwenye ngozi ya nje, ile inayobanduka na kuota upya kila mara, ikaenda kuuweka kwenye ngozi ya ndani isiyobanduka. Ukisugua kwa msasa utatoa damu kwanza, na mpaka uufikie wino umeshajitia kidonda cha kukaa nacho miezi. Kinachovunja wino bila kuchana ngozi ni mwanga wa leza, tena kwa awamu nyingi zenye mapumziko ya wiki kadhaa kati ya moja na nyingine, na gharama yake si ya kijana anayekopa nauli kwa shangazi.

Anayetafuta kazi hasikii hayo. Nimeona mkono uliopakwa soda kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Nimeona uliopigwa kijiko cha moto, na uliomwagiwa maji ya betri ya pikipiki. Yule wa kostiki alikuwa na jina la marehemu mama yake, herufi ndogo tu, kwa ndani ya kiwiko. Walichorana bwenini wakiwa kidato cha pili kwa sindano ya kushonea na wino wa kalamu. Sasa jina halisomeki. Pamebaki kovu lililovimba, linang'aa, limekwenda kushika mpaka kwenye mkunjo, na mkono haunyooki sawasawa. Kwa sharti la tatuu kijana amefuzu; mwambie apige pushapu uone.

Alikwenda kwenye usaili. Sitataja ulikuwa wa jeshi gani wala ulifanyikia wapi, maana shida yangu si mtu aliyekaa mezani. Akaulizwa kovu lile ni la nini, akasema aliungua na uji utotoni. Hakuaminiwa, akatolewa kwenye mstari. Nilimwonea huruma, lakini kilichonikera ni kingine. Tunamtaka mtu awe askari, aandike maelezo ya mashahidi, apande kizimbani aape, halafu mlango wa kuingilia kazi hiyo tumeujenga hivi kwamba msema kweli anarudishwa, na aliyejichoma vizuri akadanganya vizuri anapita. Huyo anayepita ndiye atakayekuja kuandika maelezo yangu siku nitakapoibiwa mashine.

Sasa tuje kwenye chale, ambazo huku kwetu ni nyingi kuliko tatuu. Kinyozi huziona kabla ya watu wengine. Nikipitisha mashine kisogoni au pembeni mwa paji, zinajitokeza: vistari viwili vitatu, vifupi, vyeusi. Weusi ule unatokana na dawa. Mchanjaji alichana ngozi kwa wembe kisha akasugua masizi au majivu ya mizizi kwenye jeraha bichi, na masizi yakabaki ndani kwa namna ileile wino wa tatuu unavyobaki. Mtu anayekagua foleni ya vijana waliovua mashati, tena ana haraka, atazitenganisha vipi chale hizo na tatuu ya mtaani?

Na nani alizitaka? Mtoto wa miezi minane kashikwa na degedege usiku, zahanati iko mbali, baba yuko kambini kwenye tumbaku, bibi kachukua wembe akamchanja kwenye paji na kifuani. Mimi siitetei dawa hiyo. Degedege kwa watoto wetu mara nyingi ni malaria iliyopanda, na mtoto anahitaji hospitali upesi. Wembe wa bibi unampotezea saa. Lakini yule mtoto akifika miaka ishirini, sijui kosa lake lisomwe kwenye kifungu gani.

Wapo pia waliochanjwa wakiwa na akili zao. Unyamwezini na Usukumani kuna chama cha Wayeye, watu wa nyoka, ambao wanachama wake huchanjwa dawa ya sumu ya nyoka, na kwenye ngoma zao hutoka na chatu, kifutu na swila hadharani watu wakakaa mbali wakitazama. Marehemu mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Chale zilimpanda kuanzia vifundo vya mikono mpaka mabegani, zimepangwa sawasawa utadhani alitumia rula. Nyoka akiingia dukani au darini kwa mtu, aliitwa yeye, hata na watu wa serikali. Mtoto wake wa kiume alirithi kazi hiyo na chale zake. Ni kijana mrefu, mwaminifu, hanywi, anakimbia kuliko wenzake wote mtaani, na hajawahi hata kujaza fomu kwa sababu aliambiwa na watu kwamba ataaibishwa. Labda walikosea waliomwambia. Hakuna mahali palipoandikwa pa kumwonyesha kwamba walikosea.

Na hatuko peke yetu. Upande wa Igunga tunaishi na Wataturu, na ndugu zao Wabarbaig wa Hanang wana desturi ya kuchanja duara kuzunguka macho. Kusini, wazee wa Kimakonde wana michoro ya usoni iliyochanjwa kisha ikasuguliwa unga mweusi wa mkaa. Nchi yenye watu wa namna hii haiwezi kuchukua sharti la nchi ambayo ngozi za watu wake hazina historia hizi ikalibandika kama lilivyo. New Zealand walikutana na jambo linalofanana na letu. Wamaori, wenyeji wa asili wa kule, wana moko, michoro ya ukoo, na wanawake wao huiweka kidevuni. Leo kule wapo askari polisi wanawake wanaofanya kazi na sare zao na moko kidevuni, mbele ya kila mtu. Sisemi tuige. Ninachosema ni kwamba wenzetu walikaa wakajiuliza alama hii ni ya nini kabla ya kuitia kapu moja na fuvu la kichwa alilochorwa mlevi.

Msinielewe vibaya, mimi si mpenzi wa tatuu. Dini yangu haizitaki na macho yangu hayazitaki. Sababu za kuzizuia kwa askari nazijua na baadhi zina uzito. Ile sindano moja iliyozunguka bweni zima inaweza kuwa imeambukiza homa ya ini au UKIMWI, ingawa hilo linajulikana kwa kupima damu, halijulikani kwa kutazama mkono. Kuna alama za magenge. Kuna siasa: askari mwenye nembo ya chama shingoni hawezi kulinda mkutano wa chama kingine watu wakatulia. Hata nembo ya Simba au Yanga, siku ya mechi pale Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, itamtia mashakani akimkamata shabiki wa upande wa pili. Kwa hiyo uso, shingo na viganja, mimi nakubali kabisa: asiwe na mchoro. Paja je? Mgongo? Hapo pa kuonwa na mke na daktari, raia anadhurika nini?

Binti yangu anasomea sheria, na nikimweleza mambo haya huwa hanijibu papo hapo. Anakwenda kusoma, anarudi na kesi. Aliniletea moja ya Ujerumani ambayo nimeipenda kwa jinsi ilivyo ndogo. Askari mmoja wa jimbo la Bavaria alikwenda fungate Hawaii, akarudi akitaka kujichora neno moja la salamu za kule, "aloha", kwenye mkono chini ya kiwiko. Akaomba ruhusa, akanyimwa, akaenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya mambo ya utawala. Mwezi Mei 2020 akashindwa. Mahakama ilisema sheria ya watumishi wa jimbo inatosha kumzuia askari mwenye sare kuwa na mchoro kichwani, shingoni, mikononi na sehemu ya mkono inayoonekana akivaa sare ya mikono mifupi. Unaweza kusema hukumu ilikuwa kali. Lakini tazama: kipimo ni sare ya wakati wa joto, kila mtu anajua mkono wake unaishia wapi. Na mahakama hiyohiyo mwaka 2017 ilishasema kwamba kizuizi cha namna hiyo lazima kisimame juu ya sheria iliyotungwa na bunge, waraka wa mkuu wa kazi peke yake hautoshi. Askari yule alishindwa, ila alijua ameshindwa na nini.

London nao walikwenda wakarudi. Mwaka 2012 mkuu wao Bernard Hogan-Howe alipiga marufuku tatuu zote zinazoonekana, na waliokuwa nazo tayari wakatakiwa wajieleze kwa wakuu wao. Mwaka 2018, chini ya Cressida Dick, wakalegeza, kwa sababu walikuwa wanatafuta waajiriwa na waligundua wanawafungia nje watu wazuri kwa alama ndogo tu. Sisi hatuna uhaba wa waombaji, hilo najua. Nafasi moja inagombewa na vijana wengi sana. Pengine ndiyo sababu hakuna anayeona haraka ya kulitazama sharti lenyewe. Ukiwa na foleni ndefu, kila sababu ya kupunguza watu inakuwa sababu nzuri.

Ndevu sasa, na hapa niko nyumbani.

Jeshi letu la Polisi lilianza mwaka 1919 chini ya Waingereza, na sura ya askari tuliyoizoea, nywele fupi, kidevu kinachong'aa, kaptula iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, imetoka kwao. Ni sura nzuri, siisemi vibaya. Tatizo ni kwamba wembe ule uliletwa na watu wenye ndevu zilizonyooka.

Ndevu za mtu mweusi wengi wetu zimejikunja tangu ndani ya ngozi. Ukizikata kwa wembe chini kabisa, hasa ukivuta ngozi na kunyoa kinyume na zinavyolala, unaziacha na ncha kali iliyokatwa mshazari, tena imezama chini ya uso wa ngozi. Zikianza kuota upya hazitoki moja kwa moja. Zinajikunja, zinarudi na kuchoma ngozi kutoka nje kuingia ndani, au zinatoboa pembeni kabla hata hazijatoka. Mwili unazipokea kama mwiba. Panavimba, panatoka usaha, panabaki doa jeusi, na kwa wengine, hasa kisogoni na chini ya taya, pananyanyuka makovu magumu. Sisi tunaviita vipele vya ndevu. Vijana wa saluni za kisasa wanavipaka kila kitu: spiriti, ndimu, majivuno ya chupa za kuagiza. Dawa yake ya kwanza ni moja tu na haina bei: acha kunyoa kwa wembe. Acha ndevu ziote wiki nne hivi, ngozi ipoe, kisha zipunguzwe kwa mashine, zibaki urefu wa milimita moja au zaidi kidogo.

Hapo ndipo askari anapokwama. Raia nikimwambia aache wembe, anaacha. Afande ananijibu, "Mzee, kesho gwaride la ukaguzi." Ananiomba nimpitishie wembe juu ya vidonda. Kuna mmoja, mtu mzima, ana cheo begani, huja jioni kabla ya ukaguzi na kitambaa chake cheupe, na akiondoka kile kitambaa kina damu. Nilimkatalia siku moja, akaenda kwa kinyozi mwingine. Angalia sasa ujinga wa jambo lenyewe: sharti limewekwa ili uso wa askari uwe nadhifu, na uso nadhifu kuliko wote katika kikosi chake ungekuwa wake kama angeruhusiwa kuacha milimita moja. Kutoka pale mkaguzi anaposimama, milimita moja iliyochongwa pembeni vizuri huioni. Usaha unauona.

Binti yangu akaniletea kesi nyingine, hii ya mji wa Newark, Marekani. Polisi wa kule walikatazwa ndevu, isipokuwa wale wenye ugonjwa huuhuu wa vipele waliopata cheti cha daktari. Askari wawili Waislamu wa Sunni wakasema na sisi dini yetu inatutaka tufuge, wakakataliwa. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawapa ushindi. Hoja yake aliyonisomea mwanangu ni nyepesi hata kinyozi anaielewa: idara inasema ndevu zinaharibu sura moja ya kikosi, lakini mbona za mgonjwa haziiharibu? Kama kikosi kinavumilia ndevu kwa sababu ya ngozi, kina lipi la kusema zikija kwa sababu ya dini? Hukumu iliandikwa na jaji Samuel Alito, ambaye miaka saba baadaye aliingia Mahakama ya Juu ya nchi ile, na wanaomfahamu wanasema si mtu wa kulegeza mambo.

Kilichonigusa mimi katika kesi ile si ushindi wa Waislamu wenzangu, japo sitaficha kwamba kilinifurahisha. Ni kwamba huko Marekani, kabla ya mwaka 1999, idara ya polisi ilikuwa tayari inajua kwamba wembe unawaumiza watu weusi, na ilikuwa na cheti cha daktari kwa ajili yao. Sisi ambao karibu kikosi kizima ni watu weusi, afande wangu bado anatoka damu kimyakimya kwa sababu anaona aibu kupeleka vipele kwa mkubwa.

Ipo sababu moja ya kunyoa ambayo siwezi kuibishia, nayo ni barakoa. Barakoa inayotakiwa kubana uso ikikuta ndevu, hewa inapita pembeni, na mtu anavuta gesi au moshi. Polisi wa Scotland walitoa sababu hiyo mwaka 2023 walipotaka askari wao wa mstari wa mbele wanyoe wote. Askari wakanung'unika sana, wakuu wakausimamisha mpango, na mwaka uliofuata askari wanne waliodai kubaguliwa wakalipwa fidia. Naona kosa lilikuwa kwenye neno "wote". Askari wa kutuliza ghasia anayevaa barakoa ya gesi, anyoe, na akiwa na vipele ahamishiwe kazi nyingine mpaka apone. Askari wa usalama barabarani pale njia panda, anayepuliza filimbi siku nzima, barakoa ya gesi ataivalia nini?

Kuhusu ndevu za dini, nina maoni ambayo baadhi ya jamaa zangu msikitini hawatayapenda. Askari akitaka ndevu za kufika kifuani, hapana. Mhalifu atazikamata, na kitambulisho chake hakitafanana naye. Akiomba za kupunguzwa, zilizochongwa, urefu mmoja mwaka mzima, apewe kibali cha maandishi kinachokaa kwenye jalada lake. Wapo askari ninaowanyoa ambao wakienda likizo ya mwezi mzima zinaota, wanapendeza, wanaswali nazo kwa raha, na siku moja kabla ya kurudi kazini wananijia wamenuna. Masingasinga nchini Uingereza wanafanya kazi ya polisi na ndevu zao na vilemba vyao. Kanada iliruhusu kilemba kwa polisi wao wa taifa mwaka 1990, na wahalifu wa kule hawajapungukiwa kukamatwa.

Basi ninachoomba, Mhariri, ni maandishi. Tangazo la ajira liseme ni sehemu zipi za mwili ambazo mchoro haukubaliki hata kidogo, na sehemu zipi unaangaliwa kwanza ulivyo. Liseme wazi kwamba chale za tiba na za kimila si kikwazo, na mwenye nazo asihitaji kumhonga mtu apate barua ya kuthibitisha alichanjwa na bibi yake. Liseme pia kwamba kovu la kujichoma halimpi mtu nafasi ambayo mchoro wenyewe ungemnyima, maana ni sharti hilo lisiloandikwa ndilo linalowauzia vijana kostiki. Na mtu aruhusiwe kukaguliwa karibu na kwao kabla hajasafiri. Huku kwetu kuna kijana anatoka Kaliua au Ulyankulu, familia imeuza mbuzi na gunia la mahindi, anafika kwenye usaili, anavua shati, anaambiwa rudi. Hilo lingeweza kujulikana wilayani kwa dakika tano. Akikataliwa apewe karatasi yenye sababu, ili kama ana la kujibu ajibu.

Kwa walioko kazini tayari, mstari mmoja unatosha: mwenye vipele vya ndevu akionwa na daktari aruhusiwe kunyoa kwa mashine badala ya wembe, na urefu utajwe kwa milimita ili mkaguzi asitumie jicho lake la siku hiyo. Nimeshaona mkaguzi mmoja anapitisha kidevu ambacho mwenzake wiki iliyofuata alikiita uchafu, na kidevu nilikinyoa mimi, kwa mashine ileile.

Kama wataalamu wa afya wa Jeshi wanataka kuviona vipele hivyo kabla ya kuandika mstari huo, wateja wangu wapo, na baadhi yao wamekubali kutazamwa mradi majina yasitajwe. Waje siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.

Kinyozi wa Ng'ambo,
Tabora.